Bwana Gerry na Mnyama wa Essex

Katika pwani ya Massachusetts, kaskazini ya Boston, uko mji wa kale wa wavuvi uitwao Marblehead, ambao wenyeji wake, wanapomtaja mzalia wao Elbridge Gerry, hulianza jina la ukoo wake kwa g ile ile tuitumiayo katika gari na gunia. Ukitoka nje ya mji huo, ukamsikiliza mbunge wa Marekani au msomaji wa habari wa Uingereza akilitamka neno gerrymander, ambalo limezaliwa na jina la mtu huyo huyo, utasikia j ya jahazi. Kwa sikio la Mwingereza jambo hilo si zito, kwa kuwa herufi moja katika maandishi yake hubeba sauti zote mbili na msomaji huachiwa akisie mwenyewe. Lakini sisi ambao kwetu guu si juu, na ambao wengi wetu tulikaripiwa chuoni kwa kuitoa herufi nje ya makhraji yake, hatuwezi kulipita jambo hili bila kugeuka nyuma. Maana mtu huyu alipatwa na misiba miwili kwa jina moja: kwanza jina lake lilitwaliwa na mahasimu wake likafanywa jina la hila, ile hila ya kuikata mipaka ya wilaya za uchaguzi ili mshindi ajulikane kabla kura hazijapigwa, kisha, hilo jina lilipokwisha kuenea duniani, likapotezewa hata sauti yake, kiasi kwamba leo wanaomlaumu kila siku hawajui kwamba wamtaja.

Alizaliwa tarehe 17 Julai 1744. Baba yake, Thomas Gerry, alikuwa nahodha kutoka Devon, Uingereza, ambaye aliweka nanga Marblehead, akaoa, akafanya biashara ya samaki wakavu wa chumvi waliopakiwa merikebuni kupelekwa Hispania na visiwa vya Karibi, na biashara ile ikamneemesha hata akaweza kumpeleka mwanawe Harvard, ambako kijana alimaliza masomo yake mwaka 1762. Elbridge alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba, mwenye wasiwasi mwingi, na kigugumizi kidogo katika maneno yake. Na wale walioshirikiana naye katika mabaraza walimwona kuwa mwaminifu, tena mgumu, mwenye tabia ya kupinga pale ambapo wenziwe wote wamekwisha kukubali.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 ulikaribia kumkatia maisha yake yote ya siasa kabla hayajaanza kujulikana. Yeye na wenziwe wawili wa Marblehead, Jeremiah Lee na Azor Orne, walikuwa wamehudhuria mkutano wa kamati iliyokuwa ikikusanya silaha na vyakula vya upinzani dhidi ya mfalme, wakalala katika nyumba ya wageni huko Menotomy, kando ya njia iendayo Lexington. Askari wa Kiingereza wakapita njia ile ile gizani, na baadhi yao wakageuka kuipekua nyumba. Wale waheshimiwa watatu wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma wakiwa katika mavazi yao ya kulalia, wakajitupa kifudifudi katika shamba la mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, wakakaa pale juu ya ardhi baridi mpaka askari walipokwenda zao. Kulipokucha vita vya uhuru vilikuwa vimeanza. Jeremiah Lee alipatwa na homa, na baada ya wiki chache akafariki. Gerry alinusurika, na mwaka uliofuata akalitia jina lake katika Tangazo la Uhuru la 1776.

Nayataja hayo kwa sababu aghalabu asomaye neno gerrymander humdhania mwenye jina kuwa laghai wa mitaani, mnunuzi wa kura. Kumbe alikuwa mmoja wa waliojitolea nafsi zao, na fauka ya hayo alikuwa na woga wa kweli juu ya serikali yenye nguvu kupita kiasi. Ilipotungwa Katiba mjini Philadelphia mwaka 1787, na kazi ya miezi minne ilipofika siku ya kutiwa saini, watu watatu kati ya waliokuwapo walikataa kutia zao, nao ni George Mason na Edmund Randolph wa Virginia, na Gerry wa Massachusetts. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba haki za raia hazikuorodheshwa; na orodha hiyo ilipoongezwa hatimaye mwaka 1791, hapakuwa na aliyekumbuka kumshukuru. Miaka kumi baada ya Philadelphia alitumwa Ufaransa pamoja na John Marshall na Charles Cotesworth Pinckney kutafuta suluhu, wakaombwa rushwa na mawakala wa waziri Talleyrand. Wenziwe wakaondoka kwa hasira, yeye akabaki nyuma kwa kutaraji amani, na kwa ajili hiyo akashutumiwa nyumbani kuwa ameuza heshima ya nchi. Tokea hapo Wafederalisti, chama cha matajiri wa Boston na cha wengi wa wafanya biashara wa bandari zile, hawakumsamehe tena.

Alipata ugavana wa Massachusetts mwaka 1810, baada ya kuutafuta na kuukosa mara kadhaa, kwa tikiti ya chama cha Jefferson na Madison, ambacho wakati ule kilikuwa kikijiita cha Warepublikani, ingawa si chama hiki chenye jina hilo leo. Mwaka wa kwanza alitaka upatanisho, akasema maneno laini. Mwaka wa pili, baada ya kuchaguliwa tena, magazeti ya Wafederalisti yalikuwa yamekwisha kumtukana kwa kila tusi lililokuwamo katika lugha, na vita na Uingereza vikinukia, akageuka mkali, akawaondoa wapinzani katika kazi za serikali, akawaacha wenziwe wa chama wafanye walitakalo katika baraza la kutunga sheria. Na walilolitaka lilikuwa kuikamata Seneti ya jimbo wasiiachie tena.

Tangu zamani wilaya za kuchagua maseneta zilifuata mipaka ya kaunti, mipaka ambayo watu waliizoea na ambayo haikuchorwa kwa ajili ya chama chochote. Kaunti ya Essex, nyumbani kwao Gerry, iliwapa Wafederalisti viti vyake vyote vitano. Sheria mpya ya Februari 1812 iliikata kaunti hiyo vipande viwili. Kipande kimoja, kilichoitwa Essex Kusini, kilianzia Chelsea karibu na Boston, kikashika Lynn na Marblehead ufukoni, kikapanda bara hadi Andover, kikapinda kuufuata mto Merrimack kwa Haverhill na Amesbury, kikarudi tena baharini Salisbury, mpakani mwa New Hampshire. Na katikati ya mzunguko huo, kama kitu kilichokumbatiwa, kikaachwa kipande cha pili chenye Wafederalisti wengi. Atazamaye ramani hiyo bila ya kuijua siasa yake atashangaa ni mto gani au mlima gani uliowalazimisha watu wa Chelsea kuwa wilaya moja na watu wa Salisbury, na jibu ni kwamba hapana mto wala mlima, bali hesabu ya kura za mwaka uliopita.

Hila yenyewe ina mikono miwili, na mikono hiyo haijabadilika tangu siku ile. Mkono mmoja huwarundika wapinzani mahali pamoja, washinde hapo kwa wingi mkubwa usio na faida, kwani anayeshinda kiti kwa kura elfu hapati zaidi ya anayekishinda kwa kura moja. Mkono wa pili huwatawanya wale waliobaki, kila mahali wachache, ili kila mahali washindwe kwa tofauti ndogo. Hapaibwi kura hata moja. Kila mtu huandikishwa, huingia kituoni, hupiga kura yake kwa uhuru, na kura yake huhesabiwa kwa uaminifu kamili. Na juu ya hayo yote matokeo yamekwisha kuamuliwa na mtu aliyekaa mezani miezi kadhaa kabla, mbele yake ramani na karatasi ya hesabu. Ndiyo maana waliodhulumiwa kwa njia hii husumbuka sana kuieleza dhuluma yao, kwa kuwa hawana sanduku lililovunjwa la kumwonyesha hakimu.

Gavana aliitia saini sheria ile mnamo tarehe 11 Februari 1812. Mkwewe James Austin, aliyeandika maisha yake baadaye, alisema kwamba mzee huyo hakuipenda hata kidogo, na kwamba aliwahimiza watu wa chama wasiipitishe. Tena alikuwa na mamlaka ya kuirudisha bila ya saini, naye akaogopa kuonekana amewapinga wenziwe. Mimi namwamini mkwewe, wala simwondolei lawama Gerry. Aliyekuwa na ushujaa wa kuikataa Katiba ya nchi nzima mbele ya George Washington mwenyewe, aliyekuwa amekalia kiti cha mwenyekiti, hakukosa moyo wa kuirudisha karatasi moja ya wanasiasa wa Boston. Alikosa siku hiyo tu, na siku hiyo ndiyo iliyoandikwa.

Tarehe 26 Machi gazeti la Boston Gazette lilichapa ramani ya Essex Kusini ikiwa imegeuzwa mnyama. Mchoraji, kwa jinsi inavyokubalika, alikuwa Elkanah Tisdale, fundi wa kuchora na kuchonga. Hakuhitaji kubadilisha mengi katika umbo lenyewe, kwani mwili mrefu uliopinda ulikuwapo tayari: aliongeza mabawa mgongoni, kucha za kutisha chini, na huko juu, Salisbury, kichwa chenye taya lililo wazi, na majina ya miji yakiwa yameandikwa juu ya mwili wa dude hilo, kila mji mahali pake, na Marblehead ya gavana miongoni mwao. Chini yake likatajwa jina lililoungwa kwa nusu ya jina la Gerry na nusu ya jina la salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi ambaye hekaya za Ulaya zilidai kwamba huishi ndani ya moto bila ya kuungua. Vibao vya mti vilivyochongwa kwa kuchapia picha hiyo vingali vimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington.

Ni nani aliyeliunga jina? Husimuliwa kwamba ilikuwa karamuni, Wafederalisti wakiwa wameizunguka ramani, mmoja akasema yafanana na salamanda, mwingine akamrudi kwamba heri kuliingiza jina la Gerry humo. Wengine humtaja Gilbert Stuart, yule mchoraji mkubwa wa sura za Washington, kuwa ndiye aliyeongeza mabawa kwa kalamu yake katika ofisi ya gazeti. Lakini hadithi hiyo ilianza kusimuliwa baada ya miaka mingi, na yaelekea watu waliona haya kwamba mzaha mzuri hivyo uwe wa mtu asiye mashuhuri. Linaloonekana wazi ni kwamba waliokuwa mezani pale walimjua gavana wao na walilijua jina lake, na walipolitamka neno jipya kwa mara ya kwanza walilitamka kwa g ya gari, kwani mzaha usingekuwa mzaha kama sauti ya jina isingesikika ndani yake.

Uchaguzi ukafika Aprili. Kwa ugavana, ambao hauna wilaya na hauwezi kuchorwa, Gerry alishindwa na Caleb Strong, Mfederalisti. Baraza la wawakilishi nalo likaenda kwa Wafederalisti. Lakini katika Seneti, ambamo mipaka ilikuwa imefanya kazi yake, Wafederalisti walipata kura 51,766 na viti 11, na Warepublikani walipata kura 50,164 na viti 29. Essex Kusini ilipeleka Warepublikani watatu. Mnyama alifanya kazi aliyoumbiwa, akamwacha mwenye jina lake bila ya kazi. Na Wafederalisti waliposhika nguvu zaidi waliifuta sheria ile mwaka 1813, walakini jina hawakulifuta, bali walilibeba kutoka kampeni moja hadi nyingine mpaka likawa kitenzi cha kawaida.

Gerry hakukaa nyumbani muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1812 chama chake kilimteua kuwa makamu wa Rais James Madison, wakashinda, na Machi 1813 akakalia kiti cha uenyekiti wa Seneti ya nchi. Tarehe 23 Novemba 1814, akiwa na umri wa miaka 70, alipanda gari la farasi kwenda Seneti, akashikwa na maumivu njiani, akafa kabla ya jioni. Alizikwa Washington, naye ndiye pekee wa wale waliotia saini Tangazo la Uhuru aliyezikwa katika mji ule. Alimwachia mjane wake Ann heshima nyingi na mali kidogo.

Baada ya hapo jina likaanza safari bila ya mwenyewe. Katika Kiingereza, g iliyotangulia e au i haina amri moja inayoifuata: maneno ya asili ya Kijerumani ya kale kwa kawaida huihifadhi sauti ya gari, na yale yaliyoletwa na Kifaransa na Kilatini huipa ile ya jahazi, na kuijua asili ya kila neno ni kazi ya wanazuoni. Waliomsikia gavana akiitwa hawakuhitaji kanuni. Lakini mtu wa Ohio au wa London aliyelikuta neno gazetini baada ya miaka thelathini, asiyepata kumsikia yeyote wa Marblehead, alisoma alivyozoea. Na alichokizoea kilikuwa Jerry, jina la kubembeleza la kila Jeremiah na kila Gerald, lililojaa mitaani. Wako hata walioliandika neno lenyewe kwa j. Hapakuwa na aliyeamuru mabadiliko hayo, wala siku ambayo yalitokea; wasomaji walizidi tu kuwa wengi kuliko wasikiaji. Wakiniuliza ni matamshi gani yaliyo sahihi, nitasema kwamba neno ni mali ya wanaolitumia, nao wamekwisha kuamua kwa j. Lakini mtu ni mali yake mwenyewe, na anayemtaja Elbridge Gerry katika darasa au kitabu na ampe g yake.

Wala hila yenyewe haikuanzia kwake. Mwaka 1788, miaka ishirini na minne kabla ya mnyama wa Essex, Patrick Henry wa Virginia, aliyeichukia Katiba mpya, alilifanya baraza la jimbo lake limweke James Madison katika wilaya yenye wengi wa wapinzani wa Katiba, ashindwe na James Monroe. Madison akaenda kuhutubu katika baridi ya Januari, akashinda kwa kura 1,308 dhidi ya 972. Kama Henry angefaulu, huenda leo hila ingebeba jina lake, na yule rais aliyekuja kumfanya Gerry makamu wake asingepata njia.

Kisa kilicho kizito zaidi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha Tuskegee, Alabama. Mji huo, wenye chuo mashuhuri cha watu weusi kilichoanzishwa na Booker T. Washington, ulikuwa na mipaka ya mraba. Mwaka 1957, walimu na wafanya kazi weusi waliojiandikisha kupiga kura walipokuwa wakizidi, baraza la Alabama likapitisha sheria iliyoufanya ule mraba kuwa umbo lenye pande ishirini na nane, lililopenya baina ya nyumba na nyumba, mpaka wapiga kura weusi wapatao 400 wakajikuta nje ya mji wao wasipate kuhama hata hatua moja, na ndani wakabaki wanne au watano; asitolewe hata mzungu mmoja. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo kile, akaongoza watu wakaacha kununua katika maduka ya wazungu, kisha akafungua mashtaka. Novemba 1960 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa sauti moja, iliamua kwamba ramani ya namna ile yaweza kuvunja Katiba. Na aliyeiandika hukumu ni Jaji Felix Frankfurter, yule yule aliyeonya mwaka 1946 kwamba mahakama zisijiingize katika kichaka cha siasa ya mipaka.

Upande wa pili wa bahari, neno lilipata makao katika Ireland ya Kaskazini. Mjini Derry, katika miaka ya 1960, wapiga kura Wakatoliki walikuwa 14,429 na wengine 8,781, na bado baraza la mji lilikuwa na Waunionisti, wale waliotaka kubaki chini ya Uingereza, 12 dhidi ya 8, kwa sababu Wakatoliki zaidi ya elfu kumi walikuwa wamerundikwa katika kata moja ya kusini, wakazishinda huko nafasi nane, wakakosa nyingine zote. Ghadhabu ya mji ule ilitoka barabarani mwaka 1968, na baraza likavunjwa mwaka uliofuata.

Msomaji wa Unguja hapo atakuwa amekwisha kuukumbuka uchaguzi wa Julai 1963, ambamo chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban kura 54 katika kila mia na viti 13 kati ya 31, ilhali vyama vya Hizbu na ZPPP kwa pamoja vilipata viti 18 na serikali. Sitaki kulitupa neno la Massachusetts juu ya majimbo yale kwa haraka, kwani kura huweza kurundikana mahali pamoja kwa sababu tu ya makazi ya watu, bila ya mkono wa mchoraji. Na wazee waliouona uchaguzi huo hawakuafikiana. Lakini matunda ya hesabu ya namna hiyo, nani asiyeyajua?

Katika Marekani yenyewe mambo yalifikia mahali ambapo hila haioni tena haya. Mwaka 1812 Warepublikani wa Boston walisingizia kila sababu ila ile ya kweli. Mwaka 2016, katika baraza la North Carolina, mbunge David Lewis alisimama akaeleza kwamba anapendekeza ramani ya kuwapa watu wa chama chake viti 10 na wapinzani 3 kwa sababu hakuona uwezekano wa kuchora ramani ya 11 kwa 2. Matokeo yakawa 10 kwa 3, chama chake kikiwa na kiasi cha kura 53 katika mia. Mashauri yakafika Mahakama Kuu, pamoja na shauri la Maryland, ambako Wademokrati waliwatendea Warepublikani yayo hayo. Tarehe 27 Juni 2019, majaji watano dhidi ya wanne, Jaji Mkuu John Roberts akiandika, waliamua kwamba ramani zilizopindwa kwa ajili ya chama, hata zikiwa ni dhuluma, si jambo ambalo mahakama za shirikisho zaweza kulipima. Na Jaji Elena Kagan akawapinga kwa maneno ya uchungu. Basi kazi ikarudi majimboni. North Carolina ilichora ramani mpya mwaka ule ule wa 2019, ikachora nyingine mwaka 2021, ikapewa nyingine na mahakama mwaka 2022, na mwaka 2023 baraza likaketi tena mezani na penseli zake.